Ni panya aliyepona

Haupiti mwezi bila kusambaa habari kwamba dawa ya saratani imepatikana. Uisome hadi chini kabisa, ndipo unagundua aliyepona ni panya. Neno hilo lipande hadi kwenye kichwa cha habari.

Halina udogo wowote. Mei 3, 1998, gazeti la New York Times liliweka ukurasa wa mbele kazi ya Dk. Judah Folkman wa Boston. Maabara yake ilikuwa imegundua endostatini na angiostatini, protini zinazozuia uvimbe kuota mishipa ya damu. Uvimbe usiopata damu hufa njaa. Kwa panya zilifanya maajabu. Uvimbe ulinywea, na endostatini iliporudiwa mara kadhaa haukuota tena. Ijumaa hisa za EntreMed, kampuni iliyokuwa ikizishughulikia protini hizo, zilikuwa dola 12 hivi. Jumatatu asubuhi zilifunguliwa kwa 85. Wagonjwa wakaanza kuomba sindano ambayo hakuna binadamu aliyekuwa amedungwa. Folkman mwenyewe alikuwa akisema anachoweza kutibu ni saratani ya panya. Endostatini ilipojaribiwa kwa watu haikufua dafu, na Marekani haikuidhinishwa.

Tofauti si ya kutafuta kwa tochi. Panya wa maabara kwa kawaida ni kijana, wenzake wa kizazi hicho ni kama mapacha wake, na mara nyingi uvimbe wake ulipandikizwa chini ya ngozi wiki chache tu zilizopita. Mgonjwa wetu ana miaka 60, ana kisukari, na saratani imemkaa miaka kabla ya kujulikana.

Hatusemi panya aachwe. Miaka ya 1950 huko Kanada, Robert Noble na Charles Beer walikuwa wakipima kama majani ya vinka, lile ua la rangi ya waridi linalojiotea hata kwenye nyua za Pwani, yanashusha sukari. Hayakushusha. Lakini panya waliodungwa maji yake walikufa kwa maambukizi, chembe nyeupe za damu zimewapungua vibaya. Mtu mwingine angewatupa na kuanza upya. Hao wawili walifuatilia, wakapata vinblastini. Kutoka mmea huohuo ikaja vinkristini, ambayo leo watoto wenye saratani ya damu hudungwa. Wazo la Folkman nalo halikupotea: bevasizumabu, inayozuia mishipa hiyohiyo, iliidhinishwa Marekani mwaka 2004 kwa saratani ya utumbo mpana iliyosambaa. Iliwaongezea wagonjwa miezi. Haikuwaponya.

Miezi si haba, ila sivyo vichwa vya habari vilivyoahidi.

Wahariri wenzetu, andikeni "panya" mapema. Nawe uliyetumiwa ujumbe huo kwenye simu, muulize daktari kama dawa imeshajaribiwa kwa watu, na wangapi. Tarehe yako ya kliniki usiiruke.