Askari Mlangoni, Inspekta Getini



Tarehe 24 Aprili 1954 majeshi yaliuzunguka mji wa Nairobi. Operesheni ile iliitwa Anvil. Wafanya kazi walitolewa vyumbani kwa maelfu, wakapelekwa Langata, Manyani na Mackinnon Road, wala hapana aliyengoja kibali cha hakimu.

Leo tunayo Katiba ya 2010, na kifungu cha 31 chakataza kupekua nyumba ya mtu ovyo. Lakini sheria ya polisi ya 2011 yamruhusu askari kuingia bila kibali akiona kwamba kuchelewa kutaharibu upelelezi. Kweli, yampasa kwanza aandike sababu zake. Ameziandikia wapi? Mpangaji wa chumba kimoja, aliyegongewa saa nane za usiku, hajui. Bunge liandike wazi kwamba nakala apewe mwenye nyumba papo hapo, na jina la askari liwemo.

Hapa tujihadhari, maana wenye viwanda watatushangilia upesi mno, wakidai mageti yao nayo yafungwe. La! Mkataba wa 81 wa Shirika la Kazi Duniani, ambao Kenya iliukubali mwaka 1964, wampa inspekta wa kazi ruhusa kuingia kiwandani bila taarifa, mchana au usiku. Mashine isiyo na kinga hufunikwa tajiri akipewa taarifa. Kiwanda si kitanda cha mtu.

Matawi yaijadili habari hii, yampelekee Katibu maoni kwa maandishi.