Jina la benki pekee halitoshi

Msimu wa kupanda unapowadia, mkulima wa Moiben huhitaji mbegu na mbolea miezi kadhaa kabla hajavuna gunia hata moja la mahindi. Kwa mkulima Mwislamu, awe pia mwalimu au la, huzuka swali la ziada: atapata wapi fedha bila kuingia katika riba?

Mwaka 2008, Gulf African Bank na First Community Bank, ambayo tangu 2023 huitwa Premier Bank, zilianza kuwahudumia Wakenya kwa kufuata sharia ya Kiislamu. Hata hivyo, Waislamu hawakubaliani juu ya huduma hizo. Wapo wanaozikimbilia kwa sababu ya jina. Wapo wanaozibeza wakidai kwamba faida yao ni riba iliyovishwa kanzu. Makundi haya mawili, ingawa yanapingana, yana kasoro moja: yote hutoa hukumu kabla ya kuusoma mkataba.

Tuchukue mfano wa murabaha. Benki hununua mbolea kwa shilingi 100,000, kisha humuuzia mkulima kwa shilingi 112,000, alipe kidogo kidogo. Anayebeza atasema kwamba mkopo wa kawaida ungemgharimu kiasi hicho hicho. Huenda ikawa kweli, lakini jumla kulingana si hoja. Swali ni hili: lori likipinduka kabla ya mbolea kukabidhiwa, hasara ni ya nani? Ikiwa ni ya benki, hiyo ni biashara, na biashara ni halali. Ikiwa ni ya mkulima, mwenye kubeza ana haki ya kulalamika. Tena, mkulima akichelewa kulipa, je, bei itapanda? Na faini, ikiwapo, itakwenda kwa sadaka au itaingia katika faida ya benki?

Maswali haya hayahitaji shahada ya uchumi. Walimu wa biashara na wa dini ya Kiislamu wanaweza kuyafundisha kwa mkataba halisi mezani, ili mwanafunzi anapohitimu asiwe mtu wa kutia sahihi asichokielewa.

Mali bila daftari huisha bila habari. Vivyo hivyo, imani haimwondolei mteja wajibu wa kuuliza. Benki inayofuata sharia kikweli haitaudhika kwa kuulizwa.