Maumivu ya dakika ishirini yasituachie deni la miaka mia

Mfanyabiashara anayenunua maharage na mahindi Kabazana, ndani ya makazi ya wakimbizi ya Nakivale, na kuyapeleka Mbarara, anajua hatari ya barabara. Bodaboda ikiteleza na mkono ukateguka, kinachofuata kituoni ni kazi fupi: kurudisha kiungo mahali pake, kusafisha kidonda, kushona. Ni dakika ishirini tu, lakini bila dawa ya kutosha mgonjwa hazisahau maisha yake yote.

Kwa kazi fupi kama hizo, nchi nyingi hutumia gesi ya naitrasi oksaidi, inayojulikana pia kama gesi ya kuchekesha, iliyochanganywa nusu kwa nusu na oksijeni. Mgonjwa hushika kifaa mwenyewe, huvuta pumzi, na maumivu hupungua ndani ya muda mfupi. Akiacha kuvuta, akili humrudia haraka.

Lakini gesi hiyo ina gharama isiyoandikwa kwenye risiti. Kilo moja ikipanda angani hupasha dunia joto sawa na takriban kilo 273 za kaboni dioksaidi kwa kipimo cha miaka 100, na huweza kukaa huko zaidi ya karne. Pia huharibu tabaka la ozoni. Mkataba wa nyongeza uliofikiwa Kigali mwaka 2016 unabana gesi za majokofu na viyoyozi, lakini hauigusi gesi hii.

Wataalamu wa afya wa Scotland walipopima matumizi ya hospitali zao waligundua jambo ambalo mfanyabiashara yeyote angeliita hasara ya ghala: sehemu kubwa ya gesi iliyonunuliwa haikumfikia mgonjwa. Ilivuja kwenye mabomba yaliyojengwa ukutani na kwenye mitungi mikubwa ya akiba. Waliamua kufunga mabomba hayo na kutumia mitungi midogo ya kubebeka. Mgonjwa hakukosa nafuu, na hospitali ikaacha kulipia gesi inayopotea.

Kuna njia nyingine pia. Methoksiflureni ni dawa ya maji. Mililita 3 humiminwa kwenye kifaa kidogo cha plastiki kinachofanana na filimbi, na mgonjwa huvuta mvuke wake. Australia imeitumia kwa miongo kadhaa kwenye magari ya wagonjwa. Mchango wake katika joto la dunia ni mdogo mno ukilinganishwa na naitrasi oksaidi, na haihitaji mtungi wala bomba. Haifai kwa kila mtu: zamani ilipotumika kwa wingi kama dawa ya usingizi iliumiza figo, kwa hiyo kipimo chake leo ni kidogo na mwenye ugonjwa wa figo hapewi. Kifaa chake hutumika mara moja na kutupwa, na bei yake lazima ipimwe kabla ya kuisifu.

Msimamo wetu ni huu. Hatumwambii mgonjwa wa Nakivale avumilie maumivu ili kuokoa anga ambalo wengine ndio waliolichafua zaidi. Nafuu kwanza. Sindano ya ganzi na ketamini, ambazo si za kuvuta, zisikosekane kwenye vituo. Ila hospitali za kanda yetu zinazojengwa au kupanuliwa sasa zisinunue mabomba ya naitrasi oksaidi ambayo wenzetu wanayafunga. Fedha hizo ziende kwenye mabomba ya oksijeni, na gesi ya maumivu, pale inapohitajika, ije kwa mtungi mdogo.

Uganda imewahi kuonyesha kwamba maumivu si jambo la matajiri peke yao. Tangu Hospice Africa ianzishwe Kampala mwaka 1993, morfini ya maji imewafikia wagonjwa wa saratani majumbani, na Mbarara ni kati ya miji iliyonufaika mapema. Hilo liliwezekana kwa sababu dawa ilikuwa rahisi, na sheria ikabadilishwa ili wauguzi waliofunzwa waruhusiwe kuiandika.

Jumuiya ya Afrika Mashariki nayo ilianzisha mwaka 2012 mpango wa kuoanisha usajili wa dawa. Utumike hapa. Mamlaka za Uganda, Tanzania, Kenya, Rwanda na wenzao zikiichunguza dawa ya aina hii kwa pamoja, muagizaji hatalazimika kupeleka majalada yale yale kila nchi, na soko kubwa litashusha bei.

Kwa wasomaji wetu wa mipakani, neno moja la tahadhari. Cheti rahisi cha uasilia kwa mizigo isiyozidi dola 2,000 hakimpi mtu ruhusa ya kuvusha dawa. Dawa za maumivu zipitie mikono yenye leseni. Lakini vyama vyenu vinapokaa na maofisa Mutukula, Mirama Hills au Bunagana kuzungumzia ushuru na foleni, ongezeni ajenda hii: kituo cha afya kilicho karibu na mpaka kina nini cha kumtuliza aliyevunjika mkono? Anayeulizwa swali hilo leo ni ofisa. Kesho huenda majibu yakamhusu mmoja wenu.