Daftari la Wiki: Samaki, Saa na Maiti

Rafu za maduka yetu ya vitabu zimejaa mbinu za kutajirika na mbinu za kufaulu mitihani. Anayetaka kujua tu, bila kuahidiwa cheo wala fedha, anatoka mikono mitupu.

Msomaji wa aina hiyo aanze na Mark Kurlansky. Katika Cod (1997) anafuata aina moja ya samaki wa Atlantiki ya Kaskazini karne kwa karne, hadi Canada ilipofunga uvuvi wake pwani ya Newfoundland mwaka 1992 kwa sababu samaki wenyewe walikuwa karibu wamekwisha. Ukikimaliza, mjadala wa uvuvi wa sangara wa Ziwa Victoria utausikiliza kwa sikio jingine, na hiyo ndiyo faida ya mada ndogo: unaona chanzo kinavyozaa matokeo, hatua kwa hatua. Wapo watakaosema ni anasa kuvisifu vitabu vyepesi wakati wanafunzi hawana hata vya kiada. Uhaba huo ni wa kweli na unauma. Lakini kitabu cha kiada humpa mtoto jibu kabla hajauliza, na asiyewahi kuuliza huacha kusoma siku anayomaliza shule. Pingamizi zito zaidi ni kwamba utamu wa hadithi hupotosha. Longitude ya Dava Sobel (1995) inasimulia vizuri mno habari za John Harrison, seremala aliyeunda saa ya kuwaonyesha mabaharia walipo baharini, lakini wanahistoria wamelalamika kwamba mwanafalaki Nevil Maskelyne amechorwa mbaya kupita haki. Wana hoja. Dawa yake ni kusoma kitabu cha pili.

Stiff ya Mary Roach (2003), kuhusu kazi ambazo maiti hufanyia sayansi: aliye na msiba asubiri, wengine wasome leo.

Wala tusiseme uandishi huu ni wa wageni. Mwaka 1896 Salim bin Abakari alisafiri Urusi hadi Siberia, akasimulia kwa Kiswahili; Mtoro bin Mwinyi Bakari akaandika desturi za Waswahili, zikachapishwa mwaka 1903. Wachapishaji wayarudishe maandishi hayo sokoni kwa bei ya mfukoni, kisha wamtafute mwandishi wa kitabu kizima juu ya mwani wa Zanzibar na wanawake wanaoulima.