Si Kila Kipele Ni Chunusi

Katika maduka mengi ya vipodozi mijini mwetu, mwananchi mwenye vipele usoni huulizwa swali moja tu: anataka krimu ya bei gani. Haulizwi vipele vilianza lini, wala kama uso humwaka moto anaposimama juani, wala kama macho humkereketa kana kwamba yameingia mchanga. Huuziwa tyubu akaenda zake. Hatuwezi kuinyamazia desturi hii, kwa sababu miongoni mwa wanunuzi hao wamo wenye maradhi ambayo krimu hizo huyachochea badala ya kuyatibu.

Maradhi hayo wataalamu huyaita rosasia. Ni maradhi sugu ya ngozi ya uso, aghalabu huanza baada ya umri wa miaka 30, nayo hukaa mashavuni, puani, kidevuni na katika paji la uso. Vishipa vidogo vya damu hutanuka, uso hupata joto na kuchoma, kisha hutoka vipele, vingine vyenye usaha. Kwa baadhi ya wagonjwa, hasa wanaume, ngozi ya pua hunenepa hata pua ikaharibika umbo. Maradhi haya hayaambukizi, wala hayatokani na uchafu. Pombe huweza kuyaamsha, lakini si chanzo chake. Na wapo watu wasiopata kuonja mbege maishani ambao majirani wamekwisha kuwahukumu kwa pua zao.

Vitabu vya udaktari, ambavyo kwa muda mrefu viliandikwa kwa kutazama ngozi nyeupe, huyatambulisha maradhi haya kwa wekundu wa uso. Hapo ndipo mgonjwa wetu anapopotea, kwani katika ngozi nyeusi wekundu huo hauonekani kwa urahisi. Daktari hana budi kusikiliza kuliko kutazama: joto, mchomo, ngozi isiyovumilia sabuni, vipele visivyo na vile vichwa vyeusi vya chunusi. Iliwahi kudhaniwa kwamba Mwafrika ni nadra kupata rosasia. Ukweli ni kwamba huipata, lakini hutambuliwa akiwa amechelewa.

Katika kuchelewa huko ndimo krimu za steroidi zinamoingia, kama vile betamethasoni na klobetasoli. Hizi ni dawa halisi, zenye kazi yake mikononi mwa daktari. Zikipakwa usoni kiholela, siku za kwanza uso hutulia na kung'aa, na mnunuzi humshukuru muuzaji. Baadaye ngozi huwa nyembamba, vishipa hutanuka, vipele hurudi kwa wingi. Akiacha, uso huvimba na kuwaka. Akipaka tena, hutulia. Na hivyo huwa mtumwa wa tyubu. Mwaka 1974 madaktari wa Marekani waliieleza hali hii na kuiita rosasia ya steroidi. Imepita nusu karne, na bado krimu hizo huuzwa kama sabuni. Wengi hata hawana vipele wanapoanza. Hutaka weupe tu, na mkorogo huwapa maradhi ambayo hawakuwa nayo.

Tangu mwaka 2019 vipodozi viko chini ya Shirika la Viwango Tanzania, na dawa ziko chini ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Mkorogo uliochanganywa nyuma ya duka si kipodozi halali wala si dawa halali, nasi tunachelea kwamba kila upande utaungojea mwingine. Tunavitaka vyombo hivi viwili vikague maduka kwa pamoja, na mara kwa mara, si kwa siku moja ya kuteketeza makasha mbele ya wapiga picha.

Rosasia haina dawa ya kuiondoa kabisa, lakini hutulizwa. Zipo metronidazoli, asidi ya azelaiki na ivermektini za kupaka. Hii ya mwisho huua utitiri wadogo mno wanaoishi katika vinyweleo vya watu wengi na ambao huzidi kwa wenye rosasia. Yapo pia ya kuepuka: jua kali, chai ya moto, pilipili, joto la jiko. Ni rahisi kuandika hivyo. Lakini mama lishe atalikwepaje jiko? Kwake yeye kofia pana, banda lenye kupitisha hewa na maji baridi ya kunawa ni sehemu ya matibabu. Mafuta ya kukinga jua, ambayo hapa Moshi yamekuwa yakitengenezwa kwa ajili ya ndugu zetu wenye ualbino, yanafaa yapatikane kwa bei nafuu kwa hawa pia.

Kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo KCMC kimekuwa kikifundisha watabibu wa nchi nyingi za Afrika tangu mwaka 1992. Tunaiomba Wizara ya Afya ihakikishe kila hospitali ya wilaya ina mtabibu mmoja aliyepata mafunzo hayo. Kwa aliyekwisha kuzoea krimu hizo, asiziache ghafla peke yake. Aende hospitali na tyubu yake mkononi, hata kama haina lebo, amwonyeshe daktari bila kuona haya.