Wembe wa Kinyozi na Homa ya Ini Katika West Nile

Wananchi wa Arua na Koboko wanaifahamu homa ya ini aina ya B, kwani wengi wao walipanga foleni ya kupimwa na kuchanjwa baada ya Serikali kuanzisha, mwaka 2015, kampeni ya kuwachanja watu wazima na kuzitanguliza sehemu za kaskazini. Kazi ile ilikuwa kubwa, nasi tunaisifu. Lakini yaonekana kwamba foleni zilipokwisha, wengi waliuhesabu na ugonjwa wenyewe kuwa umekwisha, wakarudi kwenye kiti cha kinyozi bila kuutazama wembe ulio mkononi mwake. Leo twapenda kuuzungumzia wembe huo.

Hapana budi tutangulize hesabu. Uchunguzi wa taifa zima wa mwaka 2005 ulionyesha kwamba katika kila watu wazima 100 nchini Uganda, wapatao 10 walikuwa na virusi vya ugonjwa huu katika damu yao. Katika West Nile walizidi 18. Mwaka 2002 Serikali ilikuwa imekwisha iingiza kinga hiyo katika chanjo za watoto wachanga, na matunda yake yalidhihirika katika uchunguzi wa mwaka 2016 hadi 2017, ambapo watoto walioambukizwa hawakufikia hata mmoja katika 100, hali watu wazima walikuwa wapatao wanne. Kwa hiyo ushindi upo. Hata hivyo, mtu aliyezaliwa kabla ya mwaka 2002, naye hakuzimaliza sindano tatu za watu wazima, yu wazi kama ngome isiyo na mlinzi. Sindano ya pili hufuata ya kwanza kwa mwezi mmoja, na ya tatu huchomwa mwezi wa sita. Huko kwenye ya tatu ndiko wengi hukatikia njiani.

Virusi hivi si dhaifu. Vyaweza kuishi nje ya mwili kwa muda wa siku saba au zaidi, katika damu iliyokauka ambayo jicho haliioni. Wataalamu wanakadiria kwamba huambukiza kwa urahisi mara 50 hadi 100 kuliko virusi vya ukimwi. Majeshi yanayo kumbukumbu chungu ya jambo hili. Mwaka 1942, askari wa Marekani wapatao 50,000 waliugua manjano baada ya kuchanjwa dhidi ya homa ya manjano kwa dawa iliyochanganywa na maji ya damu ya watu; na uchunguzi uliochapishwa mwaka 1987 ulithibitisha kuwa walipatwa na homa ya ini aina ya B. Kadeti yeyote aliyepata kukaguliwa vifaa vyake alfajiri anajua kwamba wembe na mswaki ni vitu visivyoazimwa, hata kwa rafiki wa hema moja. Amri hiyo hudhaniwa kuwa ni ya unadhifu tu, kumbe ni ya ulinzi.

Koboko ni mji wa njia panda. Barabara ya lami itokayo Vurra hupita Arua na Koboko hadi Oraba, ikiwaleta madereva, wachuuzi na wasafiri wa Uganda, wa Kongo na wa Sudan Kusini. Na karibu nao wako wakimbizi wa makambi ya Lobule na Rhino Camp. Wote hao hunyolewa. Wako watu wepesi wa kusema kwamba ugonjwa huletwa na mgeni. Sisi hatukubaliani nao. Hakuna atokaye damu kwa uso, wala kinyozi hawezi kumtambua mwenye virusi kwa lugha anayoisema, maana wengi walio navyo hawana dalili yoyote na wenyewe hawajui. Kanuni ya wembe mpya yafaa iwe moja kwa kila kichwa, awe diwani au mpita njia.

Ijapokuwa tumeanza na kinyozi, hatari iliyo kubwa zaidi imo nyumbani. Mtu mzima mwenye afya akiambukizwa, aghalabu mwili wake huushinda ugonjwa. Katika 100 hawafiki watano wanaobaki nao maisha. Kwa mtoto mchanga mambo hugeuka: katika kila 10 wanaoambukizwa wapatao tisa hubaki nao, na miaka mingi baadaye baadhi yao hupatwa na kusinyaa kwa ini au kansa. Sasa tutazame desturi. Miongoni mwa Waislamu wa Arua na Koboko, Wanubi na Wakakwa wakiwamo, mtoto hunyolewa nywele siku ya saba, ni sunna ya akika. Chanjo ya kawaida ya watoto nayo huanza wiki ya sita. Baina ya siku ya saba na wiki ya sita kichwa hicho laini hakina ngao yoyote, na mara nyingine wembe unaokipitia ndio uleule alionyolea ndevu baba au mjomba. Hatusemi neno dhidi ya sunna. Twasema wembe mpya, uliofunguliwa kutoka katika karatasi yake mbele ya mama, wala bei yake haifiki hata robo ya kilo ya nyama ya mbuzi wa akika. Aidha, mzazi aulizie kituoni sindano ya siku ya kuzaliwa, ambayo Shirika la Afya Duniani limeishauri tangu mwaka 2009.

Wembe wa waganga wachanjao chale nao ni vilevile, na vikata kucha vya vijana wazungukao sokoni na vikapu vyao vya rangi, na sindano ya kutobolea masikio.

Hapa tuseme wazi jambo ambalo limevunja nyumba kadhaa. Ugonjwa huu hauambukizwi kwa kula sahani moja, wala kwa kupeana mikono, wala kwa kulala chumba kimoja. Kumtengea ndugu kikombe chake huku familia nzima ikiendelea kutumia wembe mmoja ni kulinda dirisha na kuuacha mlango wazi.

Vinyozi wengi hupangusa mashine kwa spiriti au huipitisha katika moto mara moja, na mteja akaridhika kwa kuona mwali. Haitoshi. Meno ya mashine yasuguliwe kwanza kwa sabuni na brashi mpaka nywele zote zitoke, kisha yalowekwe dakika 10 katika maji ya klorini, sehemu moja ya dawa ya kufulia kwa sehemu tisa za maji, ndipo yasuuzwe, yakaushwe na kutiwa mafuta yasipate kutu. Kinyozi mwenye meno mawili ya akiba hapotezi mteja kwa kungoja.

Halmashauri za Arua na Koboko, zitoazo leseni kwa vinyozi hao, zinayo nafasi ya kuliweka jambo hili katika masharti, na maofisa wa afya wakalikagua siku ya soko badala ya kungoja malalamiko. Masharti hayo yazitaje pia nyembe zilizokwisha tumika, ambazo sasa hutupwa chini ya mwembe, ambako watoto huziokota wakaenda nazo shuleni kuchongea penseli.