Tuanze na sisi watu wazima

Tunawaonya watoto wasianike picha na majina yao mtandaoni, ilhali mara nyingi wanaowaanika ni sisi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inataka ridhaa ya mzazi kabla ya taarifa za mtoto kutumiwa. Hata hivyo, mwaka 2023 shule moja ilitozwa faini ya zaidi ya shilingi milioni 4 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila ridhaa hiyo. Wapo watakaosema shule zetu hazina fedha za kuajiri wataalamu wa kompyuta wa kulinda taarifa hizo. Ni kweli, lakini fomu ya ridhaa ni karatasi tu. Wengine watataka simu zipigwe marufuku shuleni. Marufuku hiyo haigusi taarifa ambazo shule yenyewe inazikusanya na kuzisambaza.